Watu kumi kisiwani

Jamani jana nimelala saa tisa usiku sababu ya ile tamthilia ya And Then There Were None ya BBC, ya 2015, ni sehemu tatu tu nikasema naangalia moja nalala, wapi. Kitabu cha Agatha Christie cha 1939 nilishakisoma kwahiyo muuaji namjua kabisa, lakini bado moyo ulikuwa unadunda, yaani watu kumi wamealikwa kisiwani huko Devon, Uingereza, wanamaliza kula santuri inapigwa, sauti inamtaja kila mmoja na kusema alimuua nani!

Halafu waigizaji sasa. Charles Dance ndo jaji, anaongea taratiiibu hata hapandishi sauti na bado unamuogopa. Aidan Turner yupo, Sam Neill ndo jenerali, ila aliyenimaliza ni Maeve Dermody anayecheza Vera, yule dada macho yake yanasema kila kitu kabla hajafungua mdomo.

Na vile visanamu kumi pale mezani, kila akifa mtu kimoja kinapotea, nikajikuta navihesabu kila kamera ikipita. Mwisho hawajaulainisha, umebaki mchungu vilevile kama kitabuni, hapo nimewapenda sana. Nani mwingine kaiona?