Kumleta Shujaa wa Katuni Mezani

Kila Jumamosi ya pili ya mwezi tunakutana watu watano sebuleni kwangu, mtaa wa South B jijini Nairobi, tunaondoa kitambaa cha meza na kutandaza karatasi, kalamu za risasi na dadu. Mchezo wetu ni wa uigizaji wa mezani: mmoja, na mara nyingi huwa ni mimi, husimulia mahali na tukio, wanne waliobaki husema wahusika wao wanafanya nini, na dadu huamua pale ambapo jambo lingeweza kuangukia upande wowote. Kwa miaka mitatu sasa tumekuwa tukicheza hadithi za mashujaa wa aina ya wale wa katuni na filamu, wenye nguvu ambazo binadamu wa kawaida hana. Ilinichukua karibu nusu ya muda huo kutambua kwamba nilikuwa nikihamisha kitu kisichofaa. Nilikuwa nikileta mezani nguvu za shujaa, na kuliacha kitabuni deni linalofuatana nazo.

Mapenzi yangu kwa katuni yalianzia barabarani. Nilipokuwa shule ya msingi, baba alikuwa akininunulia vitabu vilivyotumika kutoka kwa wauzaji waliotandaza bidhaa zao kando ya Mtaa wa Tom Mboya, na vingi havikuwa na jalada, au vilikuwa vimenyofoka kurasa mbili tatu za mwisho. Mimi na kaka yangu tulilala chumba kimoja. Taa ikishazimwa, tulikuwa tukiimalizia wenyewe hadithi iliyokatika, yeye akisema maneno ya adui na mimi ya shujaa, tukibishana kwa kunong'ona kuhusu nani angeweza kumshinda nani, hadi mama alipogonga ukuta. Hatukujua kwamba huko Marekani watu walikuwa na kanuni zilizochapishwa za mchezo wa namna hiyo tangu mwaka 1974, Gary Gygax na Dave Arneson walipotoa Dungeons & Dragons.

Ni kanuni hizo hizo za Dungeons & Dragons nilizozitumia kwanza nilipotaka kuwachezesha wenzangu hadithi za mashujaa, na nilikosea. Kwa desturi yake ya tangu zamani, mchezo ule humkuza mhusika kwa kuwashinda majitu na kukusanya hazina. Shujaa wa katuni haishi hivyo; Superman, tangu alipochapishwa mara ya kwanza mwaka 1938, huwaokoa watu na kuondoka bila kudai hata nauli. Katika kikao chetu cha pili, mhusika wa rafiki yangu mmoja, mwalimu wa hesabu, aliwaangusha wezi wanne waliovamia benki, kisha akaanza kuwapekua mifukoni mmoja baada ya mwingine. Mwenzake, ambaye mhusika wake alikuwa na uwezo wa kuruka angani, aliuliza kama ingewezekana kuzichukua bunduki zao na kuziuza. Nilikasirika kidogo, kisha nikaona kwamba hawakuwa na kosa lolote. Kanuni za mchezo hulea kama mzazi anavyolea: kinachosifiwa hurudiwa. Nilikuwa nimewavisha joho la shujaa watu ambao kanuni zilikuwa zikiwalipa kwa tabia ya mwindaji.

Nilianza kusoma jinsi wengine walivyolitatua tatizo hili, na nikakuta kwamba walilifikiria mapema sana. Mchezo wa Champions, uliotolewa mwaka 1981, humpa mchezaji pointi za kununulia nguvu, lakini humruhusu kuongeza pointi hizo kwa kukubali mizigo: adui anayemwinda, siri ya jina lake halisi, au mtu anayemtegemea na ambaye atajikuta hatarini mara kwa mara. Nilipoisoma sehemu hiyo nilisimama, nikazunguka chumba, nikarudi kuisoma tena. Waandishi wale walikuwa wameelewa ni kwa nini Spider-Man amependwa tangu mwaka 1962. Kijana yule anaweza kupanda ukuta wa gorofa lolote, na bado afya ya shangazi yake inampa wasiwasi na fedha hazimtoshi.

Mchezo wa Marvel Super Heroes, ambao kampuni ya TSR iliutoa mwaka 1984, ulikwenda mbali zaidi kwa kuweka akiba ya pointi ziitwazo Karma, ambazo mchezaji huzipata kwa matendo mema na kuzitumia kuyaboresha matokeo ya dadu pale anapobanwa. Shujaa akiua, hupoteza Karma yake yote. Sheria hiyo moja iliwabadilisha wenzangu jioni moja tu kuliko mahubiri yangu ya miezi mitatu, kwa sababu sasa huruma ilikuwa na uzito mezani, na mtu aliyemwacha adui hai alikuwa na kitu cha kutegemea kikao kilichofuata. Mwaka mmoja baadaye ulitoka DC Heroes, wenye vipimo ambavyo kila hatua moja ya kupanda ni maradufu ya iliyotangulia, hivyo mtu anayeinua gari na anayeisukuma sayari hupimwa katika orodha moja. Ni hesabu ya kupendeza, na mwalimu wetu anaipenda sana, ila haikugusa tatizo lililokuwa likinisumbua.

Mchezo ulionigusa ni Masks, uliotoka mwaka 2016, unaohusu mashujaa vijana. Ndani yake sifa za mhusika hazipimi misuli. Hupima jinsi anavyojiona: kama ni hatari, kama ni kituko, kama ni mwokozi, kama ni bora kuliko wengine, au kama ni mtu wa kawaida. Namba hizo hupanda na kushuka kutokana na maneno anayoambiwa na watu ambao kauli zao zina uzito kwake, na tangu mwanzo kauli ya mtu mzima ina uzito kwa kijana. Vilevile, akipigwa hahesabiwi majeraha. Huandikiwa hasira, hofu, hatia, kukata tamaa au kutojiamini. Yeyote aliyekulia katika ploti za Nairobi, ambako kila mama wa mlango wa jirani ana haki ya kukukemea na mwenye nyumba anajua ulirudi saa ngapi, ataielewa kanuni hii bila kuelezwa mara mbili. Mpwa wangu, mwenye umri wa miaka 16, anacheza mhusika mwenye mbio za ajabu. Siku moja nilimfanya mama mwenye nyumba amwambie, mbele ya watoto wote kwenye kamba za nguo, kwamba yeye ni hatari na asikaribie tena ngazi za gorofa lake. Namba ya hatari ikapanda, ya mtu wa kawaida ikashuka, na mpwa wangu akafuta na kuandika upya taratibu sana, kama aliyekemewa yeye mwenyewe. Baada ya hapo hakuniuliza tena mhusika wake anaweza kukimbia kilomita ngapi kwa saa.

Tangu wakati huo, kabla ya kuuliza mchezaji anataka nguvu gani, huwa ninauliza udhaifu wake uko wapi na ni nani anayemjua. Katika hili hatuhitaji kuazima kutoka mbali. Wazee wa pwani wametuachia Fumo Liyongo, ambaye hakuna silaha iliyomdhuru isipokuwa sindano ya shaba kitovuni, na aliyeuawa na mwanawe mwenyewe kwa sababu ni mwanawe aliyeweza kuipata siri hiyo. Waluo wana Luanda Magere, mwenye mwili wa jiwe ambao mikuki iliuteleza, mpaka mke aliyetoka kwa maadui alipogundua kwamba uhai wake ulikuwa kwenye kivuli. Hadithi zote mbili zinasema jambo moja ambalo waandishi wa katuni wa Marekani walilifikia kwa njia yao: udhaifu hauna maana mpaka uwe umehifadhiwa na mtu unayempenda. Hata filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, ambayo wengi tuliitazama kwa sababu ya fahari, ina sherehe ambapo shujaa wake, T'Challa, hunyweshwa dawa ya kumwondolea nguvu kabla ya kupigana na anayegombea naye kiti cha ufalme, ili aonekane ni mtu wa namna gani akiwa hana chochote.

Mmoja wetu ni muuguzi, mwanamke wa makamo ambaye hakuwahi kusoma katuni kabla ya kujiunga nasi. Aliposikia habari za Luanda Magere alimtunga Mama Kivuli, muuza nguo za watoto katika soko la mitumba tulilolibuni kando ya Mto Nairobi. Kivuli chake kinaweza kuinua na kushika vitu ambavyo mikono yake haiwezi, lakini kikikanyagwa, maumivu yanamwingia yeye. Kutokana na hapo, jua lenyewe likawa mhusika mezani. Nairobi iko kusini kidogo tu mwa ikweta, kwa hiyo mwezi wa Machi, saa sita mchana, kivuli cha mtu hujikunja chini ya nyayo zake. Tukakubaliana kwamba saa hiyo Mama Kivuli hana nguvu yoyote, na pia hakuna anayeweza kumdhuru kwa kumkanyaga. Jioni kivuli hurefuka, nguvu zinaongezeka, na nafasi ya kuumizwa inaongezeka pamoja nazo. Sikumsaidia kuifikiria kanuni hiyo. Aliitoa mwenyewe huku akimenya chungwa.

Jioni ya kikao ninachokikumbuka kuliko vyote, soko lile liliwaka moto saa kumi na moja na nusu. Mapipa ya maji yalikuwa upande wa mbali, mbio za mpwa wangu zilikuwa zimekwama kwenye msongamano wa mikokoteni na marobota, na njia pekee ya kutokea ilikuwa chini ya paa la mabati ambalo nguzo zake zilikuwa zimeanza kushika moto. Muuguzi alisema kwamba Mama Kivuli anakitupa kivuli chake mbele, kinapanda kwenye nguzo na kulishika paa. Akarusha dadu zake mbili, zikaleta nane. Katika Masks, saba hadi tisa humaanisha kwamba umefaulu, ila kuna gharama. Nikamweleza kwamba paa limeshika, lakini watu hawana pa kupita ila juu ya kivuli, na kila unyayo anausikia kifuani. Anaweza kukivuta sasa hivi huku watu kumi bado wako ndani, au akishikilie mpaka wa mwisho atoke, akibaki bila nguvu hadi alfajiri, na soko zima likiwa limeona kivuli kile kinaanzia miguuni mwa nani.

Hakujibu haraka. Aliweka kidole juu ya karatasi yake, pale palipoandikwa kwamba wateja wake hawajui siri yake.

"Shangazi, watakujua," mpwa wangu alimwambia kwa sauti ya chini.

"Wapite kwanza, mwanangu," alisema. "Nashika."

Nikawahesabu wakipita, mmoja mmoja, kumi, nikitaja alichobeba kila mmoja: cherehani, mtoto, robota lisilofunguliwa, redio. Sikuwa nimepanga kufanya hivyo. Niliazima kutoka kwenye vitabu vya katuni, ambavyo hugawa tukio katika visanduku na kulichelewesha pale panapouma, na nadhani hiyo ndiyo mbinu bora zaidi ya kuhamisha mezani kuliko kanuni yoyote. Filamu hukimbia na wewe huna uwezo wa kuizuia, ilhali msomaji wa katuni husimama kwenye kisanduku kimoja kadiri apendavyo. Tangu siku hiyo, jambo zito likifika, huwa ninawauliza wachezaji kisanduku kinachofuata kinaonyesha nini, na kila mmoja hutaja kitu kimoja tu kinachoonekana. Mapigano ya kawaida tunayapita kwa sentensi mbili.

Kuna anayeweza kusema kwamba haya yote ni mazito mno kwa mchezo wa Jumamosi, na kwamba watu hupenda mashujaa ili wapumzike. Ninaheshimu rai hiyo, na zipo jioni ambazo tunacheza mapigano matupu ya juu ya paa la jengo la KICC na kucheka hadi usiku. Lakini filamu ya kishujaa ya Kenya iliyo karibu zaidi na moyo wangu, Supa Modo ya Likarion Wainaina, iliyotoka mwaka 2018, haina mtu hata mmoja mwenye nguvu za kweli. Ina msichana mgonjwa asiyetarajiwa kupona, na dada na majirani wanaokubaliana kumwonyesha kwamba anazo. Kila mmoja wao anaigiza sehemu yake kwa ajili ya mwenzake, na hivyo ndivyo hasa wanavyofanya watu wanne wanaoketi kwangu kila mwezi.

Kikao kijacho kinaanza alfajiri baada ya moto. Mama Kivuli anarudi sokoni, na mteja wake wa miaka mingi, yule aliyetoka na cherehani, amesimama mbele ya kibanda kilichoungua akimngoja. Muuguzi ameniomba nisimwambie mapema atakachoambiwa na mteja huyo. Mpwa wangu naye ameandika upya karatasi yake, na pale ninapouliza ni nani anayemjua mhusika wake, palipokuwa patupu tangu mwanzo, ameandika kwa kalamu ya wino: mama mwenye nyumba.