Tezi za kwapani kwa aliyewekewa silikoni

Umegundulika na saratani ya titi na uliwahi kuwekewa silikoni kwenye matiti? Mweleze daktari wa upasuaji kovu liko wapi kabla hajagusa kwapa. Mkato wa chini ya titi kwa kawaida hauharibu njia za limfu, majimaji ya mwili yanayopita kwenye tezi. Uliopitia kwapani unaweza kuzikata, hata rangi ya buluu au teknetiamu (dawa yenye mionzi hafifu) inayodungwa karibu na chuchu isifike kwenye tezi ya kwanza, ile ambayo saratani ikisambaa huifikia kwanza. Kipimo hiki cha kuitafuta tezi hiyo kijaribiwe hata hivyo, maana mara nyingi hufaulu.

Linalotisha wengi ni silikoni iliyovuja: huingia kwenye tezi, ikavimba kama yenye saratani. Kwenye ultrasaundi huonekana weupe kama ukungu mzito, unaoficha kilicho nyuma yake. Tafadhali, usikubali kutolewa tezi zote kwa picha peke yake. Kinyama kichukuliwe kwanza kwa sindano.