Bibi Yetu wa Lamu

Kila Mfungo Sita, wageni wa Maulidi walipomiminika Lamu kuelekea Msikiti wa Riyadha, nyumba ya marehemu bibi yetu ilijaa watu hadi dakani, kwa kuwa hakuwa na moyo wa kumwambia msafiri kwamba nafasi imekwisha. Yeye mwenyewe alilala jikoni, juu ya mkeka. Kabla ya adhana ya alfajiri alikuwa ameshaswali tahajudi na kuinjika birika la chai ya tangawizi, mkono wa kulia ukikoroga, wa kushoto ukivuta tasbihi yenye punje moja iliyovunjika, ambayo hakukubali kamwe kubadilishiwa. Hata alipougua, swali lake la kwanza kwetu lilikuwa, “Mgeni amekula?” Mwenyezi Mungu amrehemu.