Mizani ilivyonipatia sikio la daktari wa upasuaji

Mimi ni muuguzi wa usingizi, yule anayemlaza mgonjwa kwa dawa na kumwangalia wakati wa upasuaji. Wenzangu wanaoanza kazi wananiuliza sana niliwezaje kufanya kazi na yule daktari wa upasuaji ambaye kila mtu alikuwa anamkwepa kwenye ratiba. Nimeamua kuandika, maana ushauri niliopewa mimi wakati ule ulikuwa mbovu, na naona bado unagawiwa vilevile.

Ushauri mmoja ulisema: nyamaza, piga kazi, heshima itakuja yenyewe. Haiji. Ukinyamaza thieta, yaani chumba cha upasuaji, watu wanazoea kwamba huko upande wa kichwa cha mgonjwa, tunapokaa sisi wa usingizi, hakuna mwenye la kusema, na siku utakayotamka kwamba hali si nzuri utaonekana umekurupuka. Ushauri mwingine ulisema: mwonyeshe kwamba unajua kuliko yeye. Huu nilipewa na watu ninaowaheshimu, wenye uzoefu mkubwa, na ndio ulionipotezea muda mwingi zaidi.

Kwanza nimtendee haki daktari mwenyewe. Ana mikono ya ajabu. Sijaona mtu anayeukamata mshipa unaovuja haraka kama yeye, na usiku alikuwa anarudi wodini kuwaangalia wagonjwa wake bila kuitwa. Shida yake ilikuwa moja: hakuamini habari yoyote inayotoka upande wa pili wa shuka linalomtenga na sisi wa usingizi. Mimi aliniita "wewe wa usingizi". Nikimwambia mgonjwa amepoteza damu nyingi, alijibu "mia tatu tu", yaani mililita, bila kuinua macho. Upasuaji mdogo, mia tatu. Upasuaji mkubwa, mia tatu. Na fomu ikaandikwa hivyo.

Basi nikafuata ule ushauri wa kumwonyesha. Nikaomba nafasi kwenye kikao cha asubuhi, nikaandaa mada kuhusu wauguzi wa usingizi na nikakesha nayo. Nilieleza habari za Alice Magaw, nesi aliyekuwa akiwapa usingizi wagonjwa wa ndugu wawili wa Mayo kule Rochester, Minnesota, ambaye mwaka 1906 alichapisha taarifa ya wagonjwa zaidi ya 14,000 bila kifo hata kimoja kilichotokana na usingizi. Nikaeleza na kesi ya California ya mwaka 1936, pale nesi Dagmar Nelson aliposhtakiwa kwamba kutoa usingizi ni kufanya udaktari bila leseni, na mahakama kuu ya jimbo ikampa haki nesi. Nilidhani chumba kizima kitanyamaza.

Daktari akasubiri nimalize, kisha akasema kwa upole kabisa kwamba aliyempa Malkia Victoria klorofomu, dawa ya usingizi ya zamani, mwaka 1853 alikuwa John Snow, na John Snow alikuwa daktari. Mwingine akadakia kwamba aliyeonyesha etha, nayo dawa ya usingizi, hadharani Boston mwaka 1846 alikuwa William Morton, na Morton alikuwa daktari wa meno. Kikao kikageuka mahali pa kuhesabiana mababu. Kijana mmoja aliyekuwa mafunzoni ndiye aliyeuliza swali la maana: mgonjwa yuko salama zaidi kwa nani, daktari wa usingizi au muuguzi wa usingizi? Nikamjibu ukweli, kwamba mapitio ya mwaka 2014 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaochambua tafiti za tiba, yalikusanya tafiti zilizolinganisha makundi haya mawili na kukuta ushahidi uliopo hautoshi kutamka kwamba upande mmoja ni bora kuliko mwingine. Jibu hilo halikumfurahisha mtu wa upande wowote. Kesho yake nikaitwa "profesa" thieta nzima, na hesabu ya damu ikabaki mia tatu.

Kila nilichosema kwenye kikao kile kilikuwa sahihi, na hakikubadilisha kitu, kwa sababu hakuna mgonjwa aliyekuwa mezani. Nilikuwa natetea kada yangu, naye akatetea ya kwake. Nilipoliona hilo nikaacha kabisa habari za nani ana hadhi gani, nikaigeukia ile mia tatu.

Damu ni kitu kinachodanganya macho. Inaingia kwenye vitambaa, inajificha chini ya shuka, inatiririka hadi sakafuni, nyingine inachanganyika na maji ya kusafishia tumboni. Kadiri inavyokuwa nyingi ndivyo macho yanavyokadiria pungufu. Na mwili wa mtu kijana unaficha. Mtu mzima wa kilo 60 ana damu kama lita 4.2. Akipoteza asilimia 15 unaweza usione chochote cha kukushtua. Mapigo ya moyo hupanda mapema, lakini presha inaweza kusimama imara mpaka amepoteza karibu asilimia 30, yaani zaidi ya lita moja, ndipo iporomoke kwa mkupuo. Daktari anayesubiri presha ishuke ndipo aamini anakuwa amechelewa.

Nikanunua mizani, ile ya kawaida ya jikoni yenye namba za kidijitali. Bei yake haikuniumiza. Nikaifunika kwa mfuko wa plastiki unaobana, nikaiweka kwenye kameza kadogo karibu na ndoo ya vitambaa vilivyotumika, nikakubaliana na muuguzi anayezunguka, yule anayeleta na kuondoa vitu thieta, kwamba kila kitambaa kinachotoka kinapimwa kabla ya kutupwa. Hesabu ni rahisi: uzito wa kitambaa chenye damu, toa uzito wake kikiwa kikavu, gramu moja ni sawa na mililita moja. Tofauti ipo kidogo, ila ndogo mno kukusumbua.

Siku ya kwanza daktari aliiona akauliza, "Sasa tunauza nyama humu?" Nikamjibu, "Dokta, napima damu nijue nimrudishie mgonjwa kiasi gani." Sikuongeza neno. Watu wa thieta walitaka nimrushie jibu kali, wangefurahi sana, lakini mgonjwa asingefaidika na chochote.

Mizani peke yake haikutosha. Namba niliyoitaja ilikuwa bado namba yangu, na ya kwangu hakuitaka. Hapa ndipo nilipopata ujanja ambao hadi leo najivunia. Orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, iliyotolewa mwaka 2008, inataka daktari aseme kabla ya kukata anatarajia damu itapotea kiasi gani. Ni orodha iliyojaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ya Ifakara, Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kwetu ilikuwa ukutani, watu wanaisoma mbiombio huku wanavaa glavu. Mimi nikaichukua kwa uzito wake. Kila tulipofika kwenye kile kipengele niliuliza kwa sauti ya kawaida: "Dokta, leo ikifika ngapi unataka nikuambie tusimame tufikirie?" Alijibu kwa haraka ili aanze kukata. "Mia saba." Nikaandika ubaoni: 700. Tangu hapo haikuwa namba yangu tena. Alikuwa ameniagiza yeye.

Halafu akaja mama mmoja mwenye vimbe nyingi kwenye mfuko wa uzazi. Kazi ilianza vizuri. Mapigo yalikuwa 80, presha ya juu 115. Uvimbe wa kwanza ukatoka, wa pili ukatoka, wa tatu ulikuwa umezama na daktari akawa anauvuta kwa kidole. Vitambaa vikaanza kuja vizito, vinadondosha. Muuguzi anayezunguka akawa ananisomea uzito, najumlisha kwenye karatasi, natoa ukavu, nasoma chupa ya mashine inayonyonya damu, natoa maji yaliyotumika. Nikatangaza 480. Nikatangaza 610. Kisha nikasema, "Dokta, 720. Uliniambia 700. Mapigo yamefika 118."

Akauliza, "Presha si iko sawa?"

"Iko sawa, 110. Mapigo ndiyo yamepanda, na vitambaa bado vinakuja."

Akasimama. Akauminya mfuko wa uzazi kwa viganja viwili, akaomba mpira wa kufungia, akaufunga chini pale mishipa inapoingilia, akaukaza. "Agiza damu," akasema. Ilikuwa imeshaagizwa, iko mlangoni, maana nilipofika 480 nilijua tunakoelekea. Dakika chache baadaye presha ikaenda 78, lakini chupa ya damu ilikuwa tayari inatiririka na mshipa umeshafungwa. Mama yule aliamka palepale mezani, akatuuliza kama tumeanza.

Alipokuwa anashona ngozi, daktari aliuliza bila kugeuka, "Sista, mizani imesemaje jumla?" Nikamwambia. Akaandika namba ileile kwenye fomu yake. Mia tatu sikuisikia tena, na baadaye, zamu ambazo sipo, nikaambiwa anaulizia mizani kabla hajauliza nani yuko kwenye usingizi.

Alipoletwa daktari bingwa wa usingizi, wenzangu wakanijia kwa hofu kwamba huyu sasa anatunyang'anya kazi, tumbane mapema. Sikukubali. Daktari bingwa amesoma miaka mingi mambo ambayo mimi sikuyasoma, hasa magonjwa ya moyo na mapafu, na mimi nimetia mipira ya kupumulia kwenye makoo ya wagonjwa wa kila aina usiku wa manane nikiwa peke yangu. Mgonjwa anahitaji vyote viwili. Nilimfuata mwenyewe nikamwomba tuandike pamoja karatasi ya lini aitwe: mtoto mchanga, mgonjwa ambaye mdomo haufunguki upana wa vidole vitatu, mwenye moyo unaoshindwa kazi, tumbo lililoziba. Tuliandika kwa dakika chache tu, tukabishana vizuri juu ya mambo mawili, akaongeza ya kwake.

Kitu nilichokisimamia kwenye karatasi ile kilitokana na kifo cha Elaine Bromiley, Uingereza, mwaka 2005. Alikuwa mama wa watoto wawili, aliyekwenda kwa upasuaji mdogo wa pua. Baada ya kulala, njia ya hewa ikagoma. Madaktari waliokuwepo walikuwa wazoefu, na waliendelea kujaribu kupitisha mpira huku oksijeni ikiwa chini mno. Nesi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo. Mwingine alitafuta kitanda chumba cha wagonjwa mahututi. Hawakusikika. Kila nikikisoma kisa hicho moyo unaniuma, maana mikono iliyoleta vifaa ilikuwa chumbani humohumo. Kwa hiyo tulikubaliana na bingwa kwamba mpira ukigoma mara ya pili, yeyote aliyepo, hata mfagizi, akisema "oksijeni kwanza", aliyeshika laringoskopu, kifaa cha kuangalia kooni, anatoa mkono na kurudi kwenye barakoa ya oksijeni. Yeye ndiye aliyetaka liandikwe kwa herufi kubwa.

Anayetaka kujaribu mizani, apime vitambaa vikavu vya kila saizi kabla ya kuanza, kwa sababu pakiti mpya huja na uzito tofauti. Vitambaa vilivyoloweshwa maji mezani vipimwe vikiwa vimeloweshwa na kukamuliwa, la sivyo utamwongezea mgonjwa damu asiyoihitaji. Maji ya kusafishia yaandikwe na muuguzi wa vyombo kila yanapomiminwa, wala usiyakadirie. Betri za akiba ziwepo. Na ile namba ya kusimama iulizwe kabla daktari hajashika kisu, kwa sababu akishaanza kukata hatakusikia.