Kumbukumbu ya mradi: prosesa 2, kadi 4, na sloti ya 5 inayodanganya

Jumamosi usiku

Mashine imewaka na Linux inaziona prosesa zote 2, Pentium III mbili kwenye mazabodi (ubao mkuu) ya chipseti ya 440BX, ina sloti 5 za PCI za kuchomekea kadi na moja ya AGP ya kadi ya grafiki. Nimechomeka kadi zote: SCSI (ya diski) sloti ya 1, sauti ya 2, mtandao ya 4, na ya kunasa video nikaiweka ya 5 ili ya 3 ibaki wazi hewa ipite. Kila kadi ikijaribiwa peke yake inafanya kazi isipokuwa ya video, nikiiwasha tu inatoa skrini nyeusi na baada ya sekunde chache mtandao nao unakufa, na kerneli, yaani kiini cha Linux, inaniachia maneno haya: irq 19: nobody cared (hakuna aliyejali), chini yake Disabling IRQ #19 (naizima). IRQ ni namba ya waya ambao kadi inautumia kuiita prosesa, na wito wenyewe ndio interapti.

Jumapili

Leo karibu siku nzima imeishia kwenye BIOS, programu ya kwenye ubao inayoiandaa mashine inapowaka. Nimezima mlango wa COM2 ikaachia IRQ 3, nimezima mlango wa paralelo ukaachia 7, nikazigawa kwa mkono sloti moja moja. Hakuna kilichobadilika hata kidogo, na sasa nimeelewa kwa nini. Zile namba za 0 mpaka 15 ni za utaratibu wa zamani, chipu 2 za 8259 za kupokea interapti zilizounganishwa, lakini kerneli ya prosesa nyingi haizitumii kwa kadi za PCI, inatumia IO-APIC, chipu mpya zaidi ya kazi hiyo hiyo inayoweza kugawa interapti kwa prosesa zote, yenye milango 24, na hapa PCI inaingilia 16 mpaka 19. Yaani waya ni 4 tu, sloti ni 5 na AGP na USB nazo zinataka, kwa hiyo kuna wa kuchangia, upende usipende, na nani anachangia na nani kumeamuliwa na shaba iliyomo ndani ya ubao, siyo menyu.

Na kuchangia kwenyewe siyo dhambi. PCI inaruhusu, kadi inauvuta waya chini na kuushikilia mpaka draiva yake (programu inayoiendesha) ije iihudumie, draiva zote za waya huo zinaulizwa moja moja "ni wewe?". ISA ndiyo ilikuwa haivumilii hilo. Kwa hiyo swali siyo tena "nani anagongana na nani", swali ni kwa nini kwenye 19 wote waliulizwa na wote wakakataa.

Jumatatu

Nimewasha na noapic, amri inayoiambia kerneli isitumie IO-APIC. Kila kitu kinafanya kazi! Video ipo, mtandao upo. Lakini ukifungua /proc/interrupts, faili lenye kaunta za interapti kwa kila prosesa, safu ya CPU1 (prosesa ya pili) imejaa sifuri kwa kadi zote, kila interapti inamwangukia CPU0, na mimi sikujenga mashine ya prosesa 2 ili moja ibebe mizigo yote. Hata hivyo nimepata kitu kikubwa hapa: kadi ni nzima na draiva ni nzima, tatizo liko kwenye ramani inayosomwa pale APIC inapotumika, yaani jedwali la MP, orodha ya sloti ipi imeunganishwa na mlango upi, ambalo BIOS inaikabidhi kerneli.

Jumanne

Hii ndiyo siku niliyoipenda. Nimetoa kadi zote, nikabaki na ya mtandao tu, nikaihamisha sloti hadi sloti, kila mara nazima, nachomoa waya wa umeme, nahamisha, nawasha, napingi (natuma ujumbe mfupi mtandaoni kuona kama unajibiwa), nasoma kaunta na kuandika kwenye karatasi. Sloti ya 1 ni 16, ya 2 ni 17, ya 3 ni 18, ya 4 ni 19, pingi inajibu kote na kaunta inapanda. Nikafika ya 5. Kerneli inasema 18. Pingi kimya. Kaunta ya 18 imekaa 0 haisogei, ila ile ya 19, ambayo ina draiva ya USB peke yake na kwenye USB sijachomeka kitu chochote, inakimbia, na ilipogonga kama 100000 ikasimama na yale maneno yakatokea.

Basi hapo hapo kila kitu kikafunguka. Sloti ya 5 imeunganishwa na 19, lakini jedwali linasema 18. Kadi inaita mlango huu, draiva yake imekaa mlango ule inasubiri, na waliopo kwenye 19 wanasema siyo wetu mpaka kerneli inachoka na kuufunga mlango, ndipo mtandao uliokuwa jirani unakufa bila kosa lake. Nimebadilisha MPS (toleo la jedwali hilo la MP) kutoka 1.1 kwenda 1.4 kwenye BIOS, sloti ya 5 bado ni ile ile.

Alhamisi

Nimepanga upya: video imehamia sloti ya 3, iko peke yake kwenye 18. SCSI imebaki ya 1, inachangia na AGP lakini kadi yangu ya grafiki haiombi interapti kwa hiyo ni kama iko peke yake. Mtandao na USB pamoja kwenye 19, wanaelewana vizuri. Hewa nimeitafutia feni ndogo.

Jaribio: kunasa video kwenda diski ya SCSI, muziki unacheza, mafaili yanapita mtandaoni, vyote kwa pamoja saa 3 mfululizo. Safu zote mbili za prosesa zinapanda, 16 mpaka 19, na ERR (kaunta ya makosa) ni 0.

Kinachofuata ni kutafuta toleo jipya la BIOS nione kama jedwali limerekebishwa. Mpaka hapo sloti ya 5 nimeibandika karatasi: "19, siyo 18".