Nirudi nyumbani au nibaki na hili deni?

Jamani usiku wa leo sijalala kabisa. Nina miaka 26, mwaka wa nne huu niko ugenini, na deni la kadi ya benki limenikaba koo. Nimekaa kitandani na simu nikapiga hesabu, kile kiwango cha chini ninacholipa kila mwezi karibu chote kinaishia kwenye riba, deni lenyewe haligusiki. Mama anasema rudi mwanangu, chumba chako kipo, na mi natamani sana, kodi tu ikiniondokea ntapumua. Ila deni haliishii eapoti, linanifuata, na huko ntalipwa kwa hela ya nyumbani wakati deni liko kwa hela ya huku, yetu ikishuka thamani deni linapanda hata kama sijakopa tena. Hilo linaniogopesha kuliko aibu ya kurudi mikono mitupu.

Sanduku liko wazi sakafuni, nimeweka sweta moja tu. Jumatatu nawapigia benki niwaombe wapunguze riba tupange malipo upya, wakikubali nakata tiketi, wakikataa nabaki, nahamia chumba cha kushea. Mama sijamwambia bado ni kiasi gani.