Nilivyorudisha nguvu mwilini nikiwa na duka, watoto watatu na miaka 44

Tulikuwa tunamzika baba yangu mdogo nyumbani kwake Kibosho. Gari lililobeba jeneza liliishia barabarani kwa sababu masika yalikuwa yamekula njia ya kuingia kihambani, na kutoka pale hadi kaburini ni kilima kifupi, kama mita mia mbili hivi katikati ya migomba. Vijana wa ukoo tukaingia chini ya jeneza, watatu upande huu, watatu upande ule. Sikufika hata nusu ya kilima. Mapaja yalianza kutetemeka, pumzi zikaniishia, na mtoto wa shangazi yangu, ambaye ni mimi niliyemfundisha kuendesha baiskeli, akanishika bega na kuniambia kwa upole, "Kaka, nipishe." Nikampisha. Nikamalizia njia nyuma pamoja na akina mama, nimeshika shada la maua.

Hakuna aliyenisema, wala hakuna aliyelikumbusha jambo lile. Lakini liliniuma, na bado linaniuma. Baba mdogo ndiye aliyenilipia ada ya sekondari.

Tuliporudi Moshi mke wangu, ambaye ni nesi, alinipima presha: 148 kwa 94. "Baba watoto, kaa utulie nikupime tena," akasema. Majibu yakawa yale yale. Wiki iliyofuata daktari naye akapima, akakuta imepanda. Nilikuwa na kilo 97. Hakunipa dawa siku ile. Aliniambia nipunguze chumvi, nipunguze uzito, nianze mazoezi, halafu nirudi baada ya miezi mitatu.

Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbuyuni. Nafungua saa moja na nusu asubuhi, nafunga saa moja usiku, Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili ni misa, mahesabu ya wiki, na mama yangu kule mlimani. Mwanzo nilifanya kama wanavyofanya wengi: nililipia gym ya mjini miezi mitatu kwa mkupuo. Nikaenda mara tano tu. Mke wangu akiwa zamu ya usiku, siwezi kuwaacha watoto peke yao alfajiri, na jioni nafika nyumbani nimechoka, mdogo ananisubiri tusome wote.

Ikafika Januari. Wanaoishi Moshi wanajua jinsi mji unavyochangamka kuelekea Kilimanjaro Marathon ya mwishoni mwa Februari. Alfajiri barabara ya kupanda Mweka inajaa watu wanaokimbia. Na mimi nikaingia, na raba za zamani, nikafuata mwendo wa vijana. Wiki ya tatu kano ya nyuma ya kisigino ikavimba. Asubuhi nilikuwa nashuka kitandani nimeshika ukuta. Wiki sita sikukimbia hata hatua moja.

Mtaalamu wa viungo aliyenitibu ndiye aliyenifungua macho. Alisema misuli inaanza kupata nguvu ndani ya wiki chache, lakini kano zinakwenda polepole sana, zinataka miezi, na umri ukisogea ndivyo zinavyozidi kutaka subira. Mtu wa miaka arobaini na kitu akianza kwa fujo, pumzi na mapaja vinamwambia anaweza, kumbe kisigino au goti bado havijawa tayari. Akaniambia pia kwamba misuli huanza kupungua tangu miaka ya thelathini kama haitumiki, kwa hiyo kukimbia peke yake hakutanirudishia nguvu niliyokuwa naitafuta. Ninyanyue vitu vizito, vikiongezeka kidogo kidogo.

Basi nikaacha kutafuta muda mpya, nikaanza kutumia ule niliokuwa nao. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, na mazoezi ya misuli siku mbili au zaidi. Kutoka kwangu Pasua hadi dukani kwa mguu ni nusu saa. Nikaacha bodaboda ya asubuhi. Siku sita, dakika 180, na sikuiba hata dakika moja ya watoto. Jioni napanda bodaboda kama kawaida, nimechoka na giza limeingia.

Mazoezi ya nguvu nikayaweka uani, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, dakika 25. Watoto wamelala ndani, mlango uko wazi, nikiitwa nasikia. Vifaa vyangu ni madumu mawili ya maji. Dumu la lita 20 likijaa ni kilo 20 na kidogo, na uzuri wake unaupima uzito kwa kumimina tu. Nilianza na lita kumi kila mkono, natembea kutoka kamba ya nguo hadi getini na kurudi. Maji yakiwa nusu yanachezacheza ndani, yanakuyumbisha, na ili usiyumbe inabidi tumbo na mgongo vikaze muda wote. Mpini wa plastiki unakata vidole. Wiki za kwanza vidole ndivyo vilivyokuwa vinachoka kabla ya miguu, nikaelewa kuwa siku ile ya jeneza si mapaja na pumzi tu vilivyokuwa dhaifu.

Baada ya madumu nachuchumaa na kusimama nikiwa nimekumbatia dumu kifuani, kisha pushapu. Za sakafuni zilinishinda, kwa hiyo nilianza nikiwa nimeegemeza mikono kwenye karo la kufulia, mwili ukiwa umelala mshazari. Nilikuwa na bomba la chuma la dukani, fundi akanichomelea kati ya nguzo mbili. Miezi miwili ya mwanzo nilikuwa naning'inia tu, sekunde kumi, kumi na tano. Baadaye nikawa napanda kwa kigoda na kujishusha polepole. Kujinyanyua mara ya kwanza mpaka kidevu kikapita bomba kulinichukua miezi saba, na binti yangu mkubwa alikuwa dirishani anapiga mswaki. Alipiga kelele akaamsha nyumba nzima.

Nina daftari la kaunta, lile la madeni, ila hili ni la mazoezi. Naandika tarehe, lita ngapi, mara ngapi. Sheria yangu ni moja: siongezi lita mpaka wiki mbili mfululizo nimemaliza bila kuharibu mkao. Nikikosa siku, siilipi kesho yake. Kulipia siku iliyopita ndiko kulikoniumiza mara ya pili, safari hii mgongo, na nilikaa siku nne siwezi kuinama kufunga kamba za viatu.

Chakula sikukigeuza sana. Asubuhi nilikuwa nakula chapati mbili na chai ya vijiko vitatu vya sukari. Sasa ni mayai mawili, chapati moja, chai ya kijiko kimoja. Kwa mama lishe naomba ugali upungue, maharage au dagaa viongezeke. Kitimoto ya Ijumaa ipo, ila siweki tena chumvi mbichi mezani. Kilichokuwa kigumu kuliko chakula ni usingizi. Huwezi kuamka saa kumi na moja kama simu iko mkononi hadi saa sita usiku. Simu yangu inalala sebuleni kuanzia saa nne.

Ni mwaka wa pili sasa. Nina kilo 86, presha siku nyingi iko kwenye mia na ishirini na kitu kwa themanini, na daktari anaendelea kuifuatilia. Madumu nayabeba yamejaa, mizunguko sita.

Jumapili nikienda kwa mama nashuka kwenye daladala chini zaidi, nusu saa ya kupanda, mabegi ya unga na sukari mikononi. Kuna mfongo, yaani mfereji wa maji, unakatiza njia, na miaka yote nilikuwa nasimama pale kuvuta pumzi. Mama anaiona sehemu ile kutoka jikoni kwake. Desemba iliyopita nilipoingia uani akaangalia njia, akaniangalia, akauliza, "Mwanangu, leo hukupumzika mfongoni?"

Nikamwambia sikupumzika. Akanipa panga nikakate mkungu.